Hawakukosa Hewa

Tangazo mmelisikia. Limesomwa hapa hapa redioni tangu Jumatatu, asubuhi na jioni: wananchi wa maeneo ya baridi wachukue tahadhari wanapotumia majiko ya mkaa ndani ya nyumba. Basi, limeishia hapo. Leo hatulisomi tena, kwa sababu kinachotukera ni kile lisichokisema.

Tahadhari ipi?

Kila Juni inapobisha hodi huku kwetu, Makete, Njombe, Mufindi hadi Mbeya, makoti yanatolewa kabatini na tangazo hili nalo linatolewa, lina mikunjo ile ile ya mwaka jana. Wachukue tahadhari. Mama aliyetoka shambani magharibi, vidole vimekufa ganzi, mtoto mgongoni anatetemeka, achukue tahadhari ipi? Afungue dirisha? Alitoe jiko saa ngapi? Au alifunike majivu alale nalo? Tangazo limenyamaza.

Halafu watu wanakutwa asubuhi wamelala na hawaamki, na habari inasema: walikosa hewa. Sisi wa redio tumo katika kosa hili. Tumelisoma neno hilo kwenye kipaza sauti hiki mara nyingi. Leo tunalikana. Hawakukosa hewa. Hewa ilikuwamo chumbani, ila ndani yake mlikuwa na sumu.

Jina lake kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoholeshi. Mtu anayekabwa hupapatika, huutafuta mlango. Huyu anayevuta sumu ya mkaa huumwa kichwa kidogo, hulegea, akasema moyoni ni uchovu wa shamba, akajifunika blanketi. Kwenye damu yetu kuna kitu kinachobeba oksijeni, hemoglobini, na sumu hii huing'ang'ania kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chukulia daladala ambayo siti zote zimekaliwa na abiria wasiotaka kuteremka. Oksijeni iko kituoni inapunga mkono, na gari linapita. Ndiyo maana tunagombana na neno. Ukimwambia mtu "kukosa hewa," ataacha upenyo wa kidole dirishani na kulala akiamini amemaliza kazi.

Neno jingine linaloua ni "limeiva." Mnajua tunavyofanya. Jiko linawashwa nje, linapepewa kwa mfuniko wa ndoo, moshi unatoka weee hadi jirani analalamika. Moshi ukiisha, makaa yakawa mekundu kama pilipili, mtu anasema limeiva, lileteni ndani. Ni hilo hilo lililoiva tunaloliogopa. Moshi ukiisha sumu haijaisha. Mkaa mwekundu usio na moshi hata chembe unaendelea kuitoa, na ukiufunika majivu unaendelea kuungua taratibu chini yake huku chumba kimefungwa.

Wazee wetu watatuuliza, na wana haki: mbona sisi tulilala na moto miaka yote? Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya nyasi, moto katikati, mafiga matatu, na moshi ulipenya paa zima hadi ukiwa mbali ungedhani nyumba yenyewe inachemka. Haikuwa salama, maana macho ya bibi yalikuwa mekundu hadi anazikwa, lakini nyumba ile ilikuwa inapumua. Chumba cha leo cha kupanga kina dari ya jipsamu, dirisha la aluminiamu na kioo kinachofunga kabisa, na matundu ya hewa juu ya dirisha ama hayakuwekwa ama yameziba. Usiku mpangaji anakunja kanga kuukuu anaisokomeza chini ya mlango ili baridi isiingie. Akishamaliza kusokomeza, analisogeza jiko karibu na kitanda.

Mwenye nyumba anayejenga vyumba kumi bila tundu hata moja, je, na yeye anachukua tahadhari? Tangazo halikumtaja. Huwa halimtaji.

Na kuna suala la homa. Nyumba nzima inaamka asubuhi inaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Tunasema malaria, au chakula cha jana. Lakini malaria haina kawaida ya kuwapiga watu wanne usiku mmoja, kisha wote wakapata nafuu wakishaota jua uani. Ukiona hivyo, liangalie jiko. Mkifika zahanati mwambieni mganga wazi kwamba mlilala na mkaa, kwa sababu tiba yake ni kupelekwa kwenye hewa safi na kupewa oksijeni, si dawa mseto. Mjamzito asisubiri, maana sumu inamfikia na aliye tumboni.

Mtatuambia dawa ni gesi. Sawa, na tunaiunga mkono. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lakini mtungi unagawiwa kwa ngoma na picha, na anayepokea anarudi nao nyumbani na tahadhari ile ile isiyo na mwili. Tahadhari ipi? Aambiwe kwamba moto wa gesi uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, gesi haiungui vizuri na sumu ile ile inaweza kutoka, hivyo aite fundi. Aambiwe jiko la gesi ni la kupikia, si la kuota usiku kucha. Aambiwe gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na ile harufu kali imewekwa makusudi ili imuamshe. Akiinusa asiwashe taa wala asiizime, asiguse kiberiti. Afunge koki kama anaweza kuifikia, afungue milango, atoe watu. Mpira akiushuku aupake povu la sabuni, na povu likitoa mapovu mapya hapo ndipo panapovuja. Kusema haya yote hakujatuchukua hata dakika moja.

Basi, kwa kuwa tangazo limeshindwa, sisi tutasema, na tutasema kila jioni hadi Agosti iishe. Jiko la mkaa halilali na watu. Hata likiwa limeiva, hata likiwa chini ya majivu, hata dirisha likiwa wazi nusu, halilali na watu. Oteni moto mkiwa macho, mlango wazi, kisha litoeni nje kabla hamjatandika kitanda. Blanketi halitoshi? Walazeni watoto pamoja, vaeni soksi, vaeni sweta mbili. Wenye nyumba, toboeni matundu juu ya madirisha wiki hii, msingoje kupigiwa simu usiku. Wajumbe wa mashina, piteni kwa wazee wanaoishi peke yao na mwangalie jiko liko wapi.

Na wewe unayetusikiliza umejikunja, jiko liko hapo miguuni pako: taarifa ya habari bado dakika tano. Inuka sasa, ulitoe.