Msaada wa Mbunge na Wajibu wa Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya msaada ambao raia wa Tanzania aweza kuupata kwa Mbunge wake. Jambo hili latuhusu mara mbili, kwani sisi makarani tu raia wenye shida kama wengine, na tena ndio tuzipokeao barua za Wabunge zifikapo ofisini.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Marehemu Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, Tanganyika haikuwa na Baraza la Kutunga Sheria. Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1926, wala Mwafrika hakuingia humo hata mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia. Nao waliteuliwa na Gavana, si kwa kura za watu. Leo kila jimbo lina Mbunge wake, na asiyemweleza haja yake asilaumu. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Mbunge aweza nini? Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, yalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na kumwuliza Waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo chini yake. Zaidi ya hayo, Mbunge wa jimbo ni mjumbe katika Baraza la Halmashauri yake. Basi shida ya maji, ya zahanati au ya malipo yaliyokwama aweza kuiuliza Wilayani na Dodoma pia.

Lakini ana mipaka. Hawezi kutangua hukumu ya Mahakama. Hawezi kumwamuru Mkuu wa Idara ampandishe mtu cheo. Mtumishi aliyeadhibiwa ana njia yake ya rufaa katika Tume ya Utumishi wa Umma. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, mambo yasiyo ya Muungano ni ya Mwakilishi wao. Tena mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa miradi ya watu wote, ingawa Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Si wa karo ya mtoto wa mtu mmoja, wala wa arusi.

Sasa tuseme juu ya utaratibu. Kwanza, anza katika ofisi inayohusika, kisha kwa viongozi wa kijiji au mtaa, na kwa Diwani. Wakishindwa, mwandikie Mbunge wa jimbo unakokaa. Barua iwe ya ukurasa mmoja na jambo moja. Taja jina lako, kijiji na kata. Eleza lililotukia kwa tarehe. Andika namba ya kumbukumbu ya kila barua uliyokwisha kupeleka. Na useme wazi unaomba nini. Ambatisha nakala, usitoe hati za asili. Bunge likiwa Dodoma, ipeleke barua katika ofisi yake ya jimboni, nawe ubaki na nakala. Mwezi ukipita kimya, kumbusha kwa adabu.

Ndugu zetu, tumfikirie mjane wa mtumishi mwenzetu ambaye malipo ya marehemu mumewe hayajatoka. Ameambiwa "rudi wiki ijayo" hata nauli imemwishia, na watoto wamerudishwa kutoka shuleni. Mwisho amemwendea Mbunge. Mbunge amemwandikia Waziri, Waziri amemwagiza Katibu Mkuu, na barua imeshuka masjala, ikafika mezani kwa mmoja wetu. Akiifunika chini ya majalada mengine, kazi ya Mbunge imeishia hapo, na mjane hana pa kwenda.

Kwa hiyo twasema kwamba kila barua ya Mbunge ni ushahidi kuwa kuna mtu aliyeuliza mahali fulani asijibiwe. Tusiishughulikie kwa hofu, tukimruka mnyonge asiye na wa kumsemea; tuishughulikie kwa kuwa ni haki, na aliyekuja peke yake dirishani apewe haki ile ile. Jibu likiwa "haiwezekani", liandikwe na sababu zake, ili mtu ajue njia iliyobaki.

Na kesho asubuhi, kabla ya kufungua barua mpya, kila mmoja wetu na atazame jalada lililo chini kabisa mezani pake, aulize ni nani anayelingojea.