Kuchonga Ndovu Mdogo kwa Mashine ya CNC: Kazi Inayobaki kwa Mchongaji

Utangulizi
Asili ya biashara ya vinyago Ukambani huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tezo, patasi na msasa vimelisha familia nyingi tangu hapo. Leo, kwenye mashine ya CNC, kompyuta nayo huongoza kisu. Hoja yangu ni kwamba mashine hukata mti bila kuujua. Anayeujua lazima awepo tangu umbo linapoandaliwa kwenye programu.

Kuupanga mti
Tuchukue ndovu wa sentimita 8. Nyuzi za mti zifuate urefu wa miguu. Zikikingama, miguu itavunjika. Mkonga ulioning'inia utafuata nyuzi hizo hizo, ila ulionyooshwa mbele utakuwa dhaifu. Pembe zichongwe kando, kisha zichomekwe. Anayejifunza aanze na mwarobaini au jakaranda iliyokauka. Mpingo ni mgumu, hufanya visu kuwa butu upesi, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kukata pande mbili
Mashine nyingi ndogo zina mihimili 3, na kisu hushuka kutoka juu tu. Ndovu hulazwa ubavu, akachongwa upande mmoja, kisha hugeuzwa. Vijiti viwili vilivyopigiliwa kwenye matundu ya pembeni huhakikisha amerudi mahali pake. Akisogea hata nusu milimita, mgongo utakuwa na ngazi. Nyuma ya masikio, na kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, kisu hakifiki. Hapo patasi humaliza kazi.

Visu na mwendo
Kisu bapa cha milimita 6 huondoa sehemu kubwa ya mti na kubakiza kama nusu milimita. Hufuata kisu chenye ncha ya mviringo cha milimita 3. Mistari yake ikiachana kwa milimita 1, hubaki matuta ya takriban milimita 0.09; ikiachana kwa 0.3, matuta hushuka hadi chini ya 0.01, lakini muda huongezeka zaidi ya mara tatu. Kwa kuwa msasa utapita, usilipie umeme kwa ulaini usiohitajika. Kisu kikizunguka kasi na kusogea polepole mno, huunguza mti.

Mapendekezo
Kwanza, umbo la kwanza lichongwe kwa mkono, ndipo lipigwe picha za kuingizwa kwenye kompyuta. Pili, vyama vya ushirika viandikishe mafaili hayo kuwa mali ya wachongaji wenyewe, kwa sababu mwenye faili anaweza kutoa ndovu elfu bila kumlipa aliyemchonga wa kwanza. Tatu, vyuo vya ufundi vimwajiri mchongaji afundishe pamoja na fundi wa mashine, darasa moja.