Fundi Cherehani na Wazanzibari wa Bluff



Mwaka 1932 Hollywood ilitoa filamu ya nyimbo na mapenzi iitwayo Love Me Tonight, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Ndani yake Maurice Chevalier ni fundi cherehani wa Paris anayekwenda kwenye kasri kumdai kabaila aliyeshonewa nguo asilipe. Kabaila, akiogopa mkuu wa ukoo wake asigundue madeni hayo, anamtambulisha mdai wake kuwa ni baroni. Kasri zima linamwinamia, na binti wa kifalme, aliyeigizwa na Jeanette MacDonald, anampenda. Siri inafichuka fundi anapomshonea binti huyo vazi la kupandia farasi kwa ustadi usio wa baroni. Waliomtukuza jana wanamdharau leo, ilhali mtu ni yule yule.

Tunacheka, kwani mwisho wake ni mwema: binti analifukuzia garimoshi kwa farasi, kisha anasimama relini mpaka linasimama. Je, msikilizaji, kosa la jina likiingia katika daftari la serikali?

Tazama Bluff, mjini Durban, Afrika Kusini. Mwezi Agosti 1873, miezi miwili baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, manowari ya Uingereza iitwayo Briton iliwashusha Durban watumwa waliokombolewa. Hadi mwaka 1880 walikuwa wamefika mamia, wakapewa kazi za mkataba. Kwa kuwa waliletwa kutoka Zanzibar, waliitwa Wazanzibari. Lakini wengi wao walikuwa Wamakua, na asili yao ni kaskazini mwa Msumbiji. Walijenga makazi yao King's Rest, pale Bluff, wakishika dini ya Kiislamu na kuitunza lugha ya Kimakua.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipopitisha sheria ya mwaka 1950 ya kumwandika kila mtu kwa rangi yake, makarani walishindwa kuwaweka watu hawa. Baada ya kubadilishwa mafungu, mwaka 1961 waliandikwa kuwa "Waasia wengineo". Hivyo, watu wenye asili ya Msumbiji wakawa Waasia kwa kalamu ya karani.

Jina hilo liliwakinga na baadhi ya mateso waliyotwishwa Waafrika wengine, ikiwemo sheria ya vitambulisho vya kupita. Hata hivyo, halikuwalindia nyumba zao. Bluff ilitengwa iwe ya Wazungu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihamishiwa Chatsworth, katika eneo la Wahindi, wakaiacha ardhi waliyoilima na jirani waliozoeana nao kwa miongo mingi.

Fundi wa filamu alipoulizwa, alijitaja mwenyewe: mimi ni fundi. Wazee wa King's Rest nao walijijua ni nani. Tofauti ni kwamba aliyeshika kalamu hakulazimika kuwasikiliza.