Moyo Unaoambiwa: Mhadhara juu ya Tafakuri ya Kila Siku

Kuna nasaha moja iliyopata soko kubwa katika vitabu vya kujiendeleza, na sasa inasikika hata katika mawaidha: ukikwama, kaa mahali pa kimya, sikiliza moyo wako, nao utakuonyesha njia. Inasemwa kwa upole, na labda ndiyo maana haijibiwi. Jioni hii nimekusudia kuijibu, tena kwa urefu ambao huenda haistahili, kwa kuwa imejivika kanzu ya hekima yetu ya zamani ilhali mapokeo ya tafakuri ya pwani ya Afrika Mashariki yanasema karibu kinyume chake. Katika mapokeo hayo moyo ni mwanafunzi. Huambiwa, huulizwa, hukemewa. Na faraja ya mwenye kutafakari kila siku hutokana na kukemea huko.

Tuanze na lugha, kwa sababu wapinzani wangu nao huanzia hapo. Watasema Mswahili husema "moyo unanisuta" na "moyo wangu umekataa", basi moyo una kauli. Ni kweli unayo, wala sitajaribu kuifuta. Lakini hesabuni mambo ambayo moyo hutendewa: hutiwa nguvu, hutulizwa, hukazwa, na mtu akikabiliwa na jambo zito hupiga moyo konde. Nahau hiyo tumeizoea mno hata hatuisikii tena ngumi iliyomo ndani yake. Anayetafuta ujasiri hauulizi moyo unataka nini. Anaupiga, kisha anainuka. Nayo methali isemayo moyo wa mtu ni msitu, ingawa kwa kawaida huelekezwa kwa moyo wa mwenzio, sioni kwa nini imwache nje mwenye moyo mwenyewe. Anayejua msitu huingia na panga. Hauulizi msitu njia.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni Al-Inkishafi, shairi la beti 70 na ushei la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, la mwanzoni mwa karne ya 19. William Hichens alipolichapisha mwaka 1939 alilipa kwa Kiingereza jina la kuamka kwa nafsi. James de Vere Allen, mwaka 1977, akaliita katekisimu ya nafsi. Kati ya hao wawili namchagua Allen bila kusita: kuamka hutokea mara moja, katekisimu hurudiwa. Tazameni shairi lenyewe linavyoingia. Baada ya bismillahi na sala kwa Mtume, mshairi anatangaza kwamba anatunga koja la lulu, na anataja sababu: giza la madhambi limwondokee yeye. Yeye, si sultani wala watu wa Pate. Kisha anaugeukia moyo wake na kuuhoji kwa nini hauzingatii, akiuonyesha dunia kama kisima kibovu chenye ng'ombe mkali kando yake, na uhai kama taa iliyowekwa penye upepo. Ni baada ya hayo ndipo yanapokuja majumba ya Pate, yale madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure na sasa wanamolala makinda ya ndege, na kumbi wanamolia nyenje. Madarasani sehemu hii ndiyo imekuwa shairi zima: maombolezo ya mji uliopoteza biashara na nguvu zake. Maombolezo yamo, na ni upofu kuyakana. Lakini magofu yameletwa kama kielelezo kinavyoletwa barazani mbele ya kadhi, na mshitakiwa aliyesimama pale ni moyo. Kila ubeti unafungwa kwa silabi ileile, "ye", na sikio likishaizoea huisubiri. Nashikilia kwamba shairi la namna hii lilikusudiwa kurudiwa kila siku kama uradi. Ushahidi wa hilo, nakiri, ni mwembamba, nami siliachi.

Anayetaka kujua kemeo hilo lina nasaba gani amtazame Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihyaa Ulumuddin, yenye vitabu 40, kimoja ni cha muraqaba na muhasaba (kujichunga na kujihesabu), na taswira yake ni ya sokoni. Nafsi ni mshirika aliyekabidhiwa mtaji, na mtaji ni umri. Asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamwangalia, jioni mnafungua daftari. Hasara ikionekana anaadhibiwa, na hatua ya mwisho ni kumlaumu usoni. Pate, mji ulioishi kwa majahazi ya msimu, haukuhitaji kufafanuliwa maneno hayo. Nani humwachia mshirika daftari alikague peke yake, kisha akaita majibu yake mwongozo? Na hapa ndipo penye faraja ambayo wapinzani wangu wanaitafuta kwingine. Mfanyabiashara aliyefunga hesabu, hata ya hasara, hupata usingizi. Anayekesha ni yule asiyejua anadaiwa kiasi gani.

Nitaambiwa kwamba kujilaumu kila siku humvunja aliyekwisha kuvunjika. Pingamizi hili ni la haki. Ghazali mwenyewe aliweka khofu na rajaa, yaani matumaini, katika kitabu kimoja, na pwani aliyefiwa haachwi na moyo wake chumbani: watu humjia, husoma hitima, humletea chakula. Muhasaba ni kazi ya siku za kawaida.

Pingamizi zito zaidi ni istikhara, swala ya kumwomba Mungu uchaguzi wa heri. Mtu huswali rakaa mbili, huomba dua, kisha, wanasema, husubiri ndoto au moyo uelemee upande mmoja. Je, huko si kuusikiliza moyo? Dua yenyewe, iliyopokewa na sahaba Jabir na kuandikwa na Bukhari katika mkusanyo wake wa hadithi, haiahidi ndoto yoyote, na ndani yake muombaji anakiri kwamba hajui wala hana uwezo. Ni kweli Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alisema mtu afuate kile ambacho kifua chake kimekikunjukia, na wanaonipinga hupenda kumnukuu mpaka hapo wakaweka nukta. Yeye hakuweka nukta. Alionya kwamba mtu asitegemee mwelekeo aliokuwa nao kwa matamanio kabla ya kuswali. Kwa hiyo hata pale moyo unaporuhusiwa kusema, huulizwa kwanza: jambo hili ulianza kulitaka lini?