Bunduki Iliyowageukia Wenyewe: Habari za Sri Lanka

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa walimu wetu katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeona yafaa kuyachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mada niliyopewa ni "Vijana na Vikundi vya Silaha". Nimeomba ruhusa niizungumze kwa habari za nchi ya mbali, na sababu naisema wazi. Nikitaja vikundi vya kwetu kwa majina, kabla sijafika sentensi ya pili kila mmoja wenu atakuwa amekwisha kunihesabu niko upande gani. Lakini katika kambi hii hakuna Msri Lanka hata mmoja, basi tutasikilizana.

Sri Lanka ni kisiwa kilicho kusini mwa India. Ukubwa wake ni kama Burundi mara mbili na zaidi kidogo. Walio wengi ni Wasinhala, na wengi wao ni wafuasi wa dini ya Budha. Kaskazini na mashariki wako Watamili, ambao wengi ni Wahindu, na wako pia Waislamu, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kitamili hicho hicho. Nchi ilipata uhuru kwa Waingereza mwaka 1948, bila vita.

Mwaka huo huo wa uhuru ilipitishwa sheria ya uraia iliyowaacha nje mamia ya maelfu ya Watamili wenye asili ya India, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kufanya kazi katika mashamba makubwa. Mtu amezaliwa shambani, baba yake amezaliwa pale pale, halafu anaambiwa hana nchi. Wa mwisho wao walipata uraia kwa sheria ya mwaka 2003. Sina haja ya kuwaeleza watu wa mkutano huu maana ya miaka 55 bila karatasi.

Mwaka 1956 Kisinhala kikafanywa lugha rasmi peke yake. Karani Mtamili aliyefanya kazi vizuri ofisini akatakiwa afaulu mtihani wa Kisinhala, asipofaulu hapandi cheo. Miaka ya 1970 mwanzoni ikaja habari ya alama za kuingia chuo kikuu. Watoto wawili wamefanya mtihani mmoja, huyu kwa Kisinhala na huyu kwa Kitamili, lakini wa Kitamili akatakiwa alama za juu zaidi ili aingie udaktari au uhandisi. Mimi nimesomea ualimu na nimesahihisha mitihani mingi. Najua uso wa mtoto aliyefaulu halafu akaambiwa hukufaulu. Kisha, usiku wa tarehe 31 Mei 1981 kuamkia 1 Juni, maktaba ya mji wa Jaffna ilichomwa moto, na polisi walikuwamo katika uovu huo. Viliungua vitabu na miswada ipatayo 97,000.

Nimeyaweka haya mbele kwa sababu wako watu, hata katika mashirika, hupenda kusema kwamba vijana huenda porini kwa ukorofi tu. Vijana wa Jaffna walikuwa na dai la kweli.

Sasa tazameni bunduki ilianzia kwa nani. Mwaka 1975 alipigwa risasi meya wa Jaffna, Bwana Alfred Duraiappah, alipokuwa akifika hekaluni kusali. Huyo alikuwa Mtamili. Kosa lake lilikuwa kushirikiana na chama kilichotawala. Kijana aliyehusika, Velupillai Prabhakaran, mwaka uliofuata akaunda kundi la LTTE, waliojiita Chui Milia wa Ukombozi.

Julai 1983 Chui waliwavizia na kuwaua askari 13. Makundi ya Wasinhala yakaingia mitaani Colombo na miji mingine, yakichoma nyumba na maduka ya Watamili, na kuua watu. Wengine walikuwa na orodha za wapiga kura mkononi ili wajue nyumba ya nani ni ipi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, kutoka mamia kadhaa hadi 3,000. Baada ya wiki ile vijana walijiunga kwa wingi bila kushawishiwa na mtu.

Vikundi vya Watamili wakati huo vilikuwa vingi, vyote vikidai kitu kimoja. Mwaka 1986 Chui wakawageukia TELO, kundi la Watamili wenzao, wakawaua viongozi na wapiganaji wao hadharani katika mitaa ya Jaffna. Mwaka 1990 walikuwa wamekwisha kuvikomesha vingine vilivyowapinga, au kuvisukuma upande wa serikali.

Nataka nikae kidogo kwa mtu mmoja, mwalimu mwenzetu. Dakta Rajani Thiranagama alifundisha anatomia katika Chuo Kikuu cha Jaffna. Hapo mwanzo aliwaunga mkono Chui, akitibu majeruhi wao. Baadaye yeye na wenzake wa chuoni wakaanza kuandika maovu ya kila upande: ya jeshi la serikali, ya jeshi la India lililoletwa mwaka 1987 kulinda amani, na ya Chui wenyewe. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani amekufa na nani amemwua. Tarehe 21 Septemba 1989, akirudi nyumbani kwa baiskeli kutoka kazini, alipigwa risasi njiani. Alikuwa na umri wa miaka 35, na mabinti wawili wadogo. Wenzake hawakuwa na shaka kwamba waliomtuma mwuaji ni Chui. Majeshi mawili yenye vifaru yalikuwapo katika nchi, lakini mtu wa kuogopwa alikuwa mama mwenye daftari.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1990, ikawa zamu ya Waislamu wa kaskazini. Katika mji wa Jaffna walitangaziwa kwa vipaza sauti wakusanyike, wakapewa saa mbili waondoke. Watu wapatao 70,000 walifukuzwa kaskazini yote. Walisimamishwa njiani, wakavuliwa pesa na mapambo. Wengi waliishia kambini wilaya ya Puttalam, na wapo waliozaliana na kuzeekea huko. Waliofukuzwa walizungumza Kitamili, na waliowafukuza walidai kuitetea lugha ya Kitamili.

Msidhani hii ni tabia ya Watamili. Kusini, kati ya 1987 na 1989, chama cha JVP cha vijana Wasinhala kiliua Wasinhala wenzao waliokataa kufunga maduka au kugoma kazi, na serikali ikajibu kwa kuua vijana maelfu kwa maelfu, wengi wakiwa hawana hatia. Kinachonishangaza ni kwamba chama hicho baadaye kiliacha silaha, kikaingia katika uchaguzi, na mwaka 2024 kiongozi wake, Anura Kumara Dissanayake, akachaguliwa kuwa Rais.

Kwa Chui haikuwa hivyo. Vijana wa hiari walipopungua, walichukua watoto. Shirika la UNICEF liliandikisha zaidi ya kesi 6,000 za watoto walioingizwa vitani tangu mapatano ya mwaka 2002. Ilipofika 2006 na kuendelea, kila familia katika eneo lao ilitakiwa itoe mtu, baadaye hata zaidi ya mmoja. Wazazi walificha watoto mashimoni. Wengine waliwaoza wangali wadogo, kwa kuwa hapo kwanza waliooa na kuolewa waliachwa.

Mwisho ulikuja kati ya Januari na Mei 2009. Raia mamia ya maelfu walibanwa pamoja na wapiganaji kwenye ukanda wa pwani uliokuwa ukipungua kila wiki. Serikali iliita sehemu hizo eneo la usalama, kisha ikazipiga kwa mizinga, hospitali zikiwamo. Na waliojaribu kutoka walipigwa risasi na Chui, watu wao wenyewe. Jopo la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba raia waliokufa katika miezi ile huenda wakafikia 40,000. Prabhakaran aliuawa Mei hiyo. Walionusurika, karibu 300,000, walizungushiwa nyaya za miba katika kambi ambazo kubwa yake iliitwa Menik Farm. Ilifungwa Septemba 2012.

Na hata hapo haikuisha. Tarehe 21 Aprili 2019, siku ya Pasaka, kikundi cha Waislamu wenye msimamo mkali kilipiga mabomu makanisani na katika hoteli, wakafa zaidi ya watu 250. Waislamu wenzao walikuwa wameishitaki habari ya kiongozi wao, Zahran Hashim, kwa wakuu miaka kabla. Jambo moja linatuhusu hasa: katika mji wa Negombo, wakimbizi kutoka Pakistan na Afghanistan, ambao wenyewe walikuwa wamekimbia watu wa aina hiyo hiyo, walitolewa katika nyumba za kupanga kwa hofu na hasira za majirani. Watu wapatao 1,000 walilala misikitini na katika kituo cha polisi.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, kwenu nina neno moja. Tangu Januari madawati manne darasani kwangu hayana watu. Wavulana hao hawakuugua. Alikuja mtu jioni, akazungumza nao juu ya mashamba ya babu zao yaliyochukuliwa, na alichosema kilikuwa cha kweli. Mimi kesho yake niliwafundisha hesabu. Mtoto akimaliza shule hapa hana chuo wala kazi, na yule wa jioni analijua hilo. Tunaomba darasa la ufundi lililofungwa lifunguliwe.

Ninyi vijana, mkikutana na mtu wa jioni, mwulizeni amewafanyia nini wale wa kabila lake mwenyewe waliomkatalia. Mwulizeni majina.

Huko Kilinochchi, kaskazini mwa Sri Lanka, Februari 2017 akina mama walianza kuketi kando ya barabara na picha za watoto wao waliopotea. Wako ambao watoto wao walichukuliwa na jeshi, na wako ambao watoto wao walichukuliwa kwanza na Chui. Wameketi hapo miaka na miaka, na baadhi yao wamekufa bila kupata jibu.

Jumamosi saa kumi nitakuwa darasani kwangu, mlango wazi, kwa yeyote mwenye swali au mwenye kunipinga. Wazazi wa wale wavulana wanne nawaomba waje mapema.