Mpira Laini ni wa Mke na Mume

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama)

Ushirika oyee!

Leo hatusemi habari ya mizani wala pembejeo. Vijana wetu, wa kike na wa kiume, wameomba uwanja ulio nyuma ya ghala wacheze mpira laini, yaani softiboli, kila Jumamosi jioni, wanawake na wanaume timu moja. Wako walionung'unika kwamba haya si mambo yetu. Basi tuujue mchezo wenyewe kwanza, ndipo tuukubali au tuukatae.

Mchezo huu ulianza mwaka 1887 huko Chicago, Marekani. Watu walikuwa ndani ya jengo, wakakaza glavu ya ngumi kwa kamba ikawa mpira, wakaupiga kwa mpini wa ufagio. Haukuanza kwa fedha, ndugu zangu. Na sisi tutashona mpira wa matambara, tutachonga gongo, na magunia mabovu manne yatakuwa vituo.

Mrushaji anarusha kwa chini, si kwa juu ya bega. Mpigaji akiupiga mpira anakimbia kituo hadi kituo, na akizunguka mpaka akarudi nyumbani, timu imepata pointi moja. Mpira wake ukidakwa hewani, ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana.

Wanapocheza mchanganyiko, timu ni watu 10: wanawake 5 na wanaume 5. Kupiga ni kwa zamu, mwanamume kisha mwanamke. Tena huko Marekani iko kanuni ya mchezo huo: mrushaji akimrushia mwanamume mipira mibovu mpaka apewe kituo cha bure, mwanamume huyo anapewa vituo viwili. Kwa nini? Kwa sababu wajanja walikuwa wanamkwepa baba ili wakutane na mama, wakidhani mama ni wepesi. Kanuni imeikataa dharau hiyo.

Na hapa kwetu nani atamdharau nani? Mabinti zetu wamekua na rede. Kurusha, kulenga na kukwepa wanajua tangu utoto. Sisi wanaume tumezoea miguu tu. Tusije tukashangaa!

Sasa neno gumu. Jumamosi saa kumi jioni mama yuko wapi? Yuko kisimani, halafu jikoni. Baba yuko wapi? Yuko kwenye bao. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mwaka 1967 katika Ujamaa Vijijini, kwamba wanawake wanabeba kazi kupita fungu lao. Tukitoa uwanja bila kugawana ndoo, tumewapa uwanja wanaume peke yao. Wanawake 5 wakikosekana, timu haipo na mchezo haupo.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

1. Siku ya Jumamosi wanaume wa kila nyumba wachote maji na kupasua kuni kabla ya saa tisa.
2. Mchezo uanze saa kumi, uishe kabla jua halijazama.
3. Wazee wawe waamuzi, na wenye watoto wachanga wasaidiwe kuwashika.
4. Kila mtu avae nguo ya heshima anayoweza kukimbia nayo. Kuchekana marufuku.
5. Ghala likiwa na kazi ya kupokea mazao, mchezo usimame.

Tutaamua kwa kunyoosha mikono. Mkono wa mama na mkono wa baba hesabu yake ni moja.

Wanaotaka kucheza waandike majina chini ya karatasi hii, safu mbili. Asiyejua kuandika amwendee mwenzake wa kisomo, asione haya. Safu ya wanaume ikijaa na ya wanawake ikibaki tupu, tutajua ndoo bado ziko kichwani mwa nani, na tutaitana tena hapa hapa.

Ushirika oyee!