Maktaba Moja, Nyumba Mbili

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Waandishi wa programu za JavaScript hulazimika kuyashika yote mawili. Lugha hiyo aliiunda Brendan Eich mwaka 1995 kwa ajili ya kivinjari. Mwaka 2009 Ryan Dahl akaifikisha kwenye seva kwa Node.js.

Nyumba hizi hazina vyombo sawa. Kivinjari kina ukurasa, lakini hakiruhusiwi kuzurura katika faili za mwenye kompyuta. Seva ina faili, haina ukurasa. Maktaba ya programu ikiuliza ukurasa kwenye seva, kazi husimama hapo hapo.

Wapo wanaoandika nakala mbili. Hiyo ni hatari. Kosa la hesabu ya kodi likisahihishwa upande mmoja na kusahauliwa wa pili, mteja huonyeshwa bei hii akatozwa ile.

Dawa ni hesabu zote kukaa katika kiini kisichogusa faili wala ukurasa, kisha kila upande upewe mlango wake; sehemu ya exports katika package.json huelekeza nani apite wapi. Na majaribio yafanyike pande zote mbili. Fundi akizembea, anayeumia ni mnunuzi.